Nilimwandikia mwanafunzi "chini ya matarajio", dani (bibi) yake akaniuliza swali moja

Kwako Mwalimu Mstaafu,

Salamu kutoka Kisumu. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, wakati mwingine nikikubali na wakati mwingine nikibisha, na sikudhani siku moja ningekuwa mimi wa kuandika. Mimi pia ni mwalimu, na walimu tunajuana: kuuliza tumewaachia wanafunzi.

Nafundisha Gredi ya Pili katika shule ya umma isiyo mbali na Kaloleni. Darasani nina watoto 61. Muhula uliopita nilitakiwa kujaza umilisi wa kila mtoto katika mazoezi ya viungo, nikachagua mambo sita: kukimbia, kuruka kwa mguu mmoja, kuruka mbele kwa miguu miwili, kurusha mpira, kudaka na kupiga teke. Nikawapanga uwanjani mistari sita, nikasimama mbele, nikasema, "Tazameni mwalimu," nikaonyesha, nikapuliza filimbi. Kila mtoto nafasi mbili, natia alama, anakuja mwingine.

Kati yao yumo mvulana mmoja, nimwite Baraka. Ana miaka minane. Alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na upasuaji ukachelewa hadi alipofika miaka mitatu na kitu. Anaona, lakini kidogo. Kitabu hukinyanyua mpaka kikaribie kugusa pua, na uwanjani humtambua mtu kwa sauti. Kichwa chake ni chepesi. Kwa hesabu za mdomo anawaacha wenzake mbali.

Siku ile alikimbia kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Zamu ya kuruka kwa mguu mmoja ilipofika, alisimama tu ameshika kaptura. Mpira wa kudaka ulimgonga kifuani akiwa bado anausubiri. Kupiga teke, alipiga hewa mara mbili, watoto wakacheka. Kabla ya zoezi moja aliniuliza, "Mwalimu, nifanye nini?" Nikamwambia, "Fanya kama mwenzako." Jibu hilo nikilikumbuka naona haya.

Nikajaza "chini ya matarajio" mara sita. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: "Ana udhaifu wa viungo. Apunguziwe michezo."

Siku ya kuchukua ripoti akaja dani yake, ndiye anayemlea. Hajui kusoma, alikuwa amesomewa na kijana wa boda pale langoni. Hakugomba. Aliketi, akavua leso kichwani, akaniuliza, "Mwalimu, ulimwonyesha vipi?" Nikamwambia nilionyesha darasa zima. Akarudia, "Yeye, ulimwonyesha vipi?" Sikuwa na jibu. Kisha akaniambia kwamba mtoto huyu nyumbani hupanda mpera hadi juu, na hubeba maji kwa jerikeni ya lita tano kwenye njia ya mawe bila kumwaga.

Mwalimu mkuu anasema nisijisumbue, nipandishe alama dani afurahi, yaishe. Ananiuliza, mbona mkimbiaji Henry Wanyoike hakuwa akiona na alituletea dhahabu? Mwenzangu wa Gredi ya Tatu anasema shule ya wasioona ya Kibos iko hapo tu, apelekwe huko na mimi nipumzike. Mimi usingizi unanipita. Nilimpima mtoto, au nilipima macho yake? Kuna njia ya kumpima mtoto kama huyu kwa haki, bila kumpendelea? Na akipimwa vizuri bado akaonekana yuko chini, nifanyeje?

Ni mimi,
Mwalimu wa Filimbi, Kisumu

*

Mwalimu mwenzangu,

Ningekuwa na uwezo, dani huyo ningempeleka chuo cha ualimu akawafundishe wanaosomea kazi hii. Nilizunguka na pikipiki miaka mingi, shule hadi shule, nikiwapima watoto wasioona na wanaoona kidogo, na swali lake lilinifikia nikiwa nimeshaharibu ripoti nyingi, si moja kama wewe. Kwa hiyo acha kujilaumu, tufanye kazi.

Hebu soma tena barua yako. Kila zoezi lilianza kwa "tazameni". Baraka hakukuona ukiruka. Pengine aliona kivuli kikipanda na kushuka, kama hata hicho alikipata. Zamu yake ikafika akiwa hajaambiwa zoezi ni lipi. Akakuuliza, kwa adabu kabisa, ukamrudisha kwa mwenzake ambaye pia hamwoni. Sifuri yake ya kuruka kwa mguu mmoja ina maana mbili ambazo hazina undugu: labda hawezi, labda hajui kinachoitwa "kuruka kwa mguu mmoja" ni kitu gani. Fomu yako haiwezi kuzitenganisha, nawe ulipojaza ulichagua moja.

Lakini usikimbilie upande wa pili. Alama anazotaka mwalimu mkuu ni huruma yenye madhara, kwa sababu mtoto aliyeandikiwa kwamba amefikia matarajio hakuna atakayehangaika kumfundisha. Nami nakuambia wazi: hata ukimpima kwa njia nzuri kuliko zote, huenda Baraka akabaki nyuma ya wenzake katika baadhi ya mambo. Watoto wasioona, na wengi wanaoona kidogo, huchelewa katika mwendo, na kuchelewa huko huanzia mkekani.

Mtoto mchanga anayeona akilazwa kifudifudi hunyanyua shingo kwa sababu kuna cha kutazama: uso wa mama, mlango unaofunguliwa, kuku anayekatiza. Hunyoosha mkono, hujivuta, hutambaa kukifuata alichokiona. Asiyeona hana kinachomwita. Mlio peke yake huchukua muda kumjulisha kwamba kule unakotoka kuna kitu kinachoshikika. Mara nyingi mwaka wa kwanza huwa unakaribia kuisha ndipo mtoto asiyeona huanza kunyoosha mkono kuufuata. Michael Brambring wa Bielefeld, Ujerumani, alifuatilia watoto waliozaliwa bila kuona akaonyesha kwamba pengo halilingani kila mahali. Kukaa na kusimama hawapishani sana na wanaoona. Kutambaa na kutembea peke yao, yaani pale mtoto anapotakiwa kujianzishia safari mwenyewe, ndipo huchelewa zaidi. Baraka aliishi miaka mitatu macho yakiwa yameziba, na hiyo ndiyo miaka ambayo watoto wengine walikuwa wakikimbiza kuku.

Halafu tunakuja sisi watu wazima. "Usikimbie, utaanguka." "Kaa hapa kivulini utuwekee mashati." Mtoto aliyewekwa kulinda mashati tangu chekechea akifika Gredi ya Pili hajui kurusha mpira, na hapo sioni ugonjwa wala ajabu. Ndiyo maana maneno yako "udhaifu wa viungo" yananikera kuliko zile alama. Viungo vyake hujavigusa, umejuaje ni dhaifu? Na kusema apunguziwe michezo ni kumpunguzia chakula mtoto aliyekonda.

Kuhusu mpera, dani anasema kweli, na ukweli wake haupingani na mpira uliomgonga mtoto kifuani. Mti haumwendei. Umesimama palepale, anaukumbatia kwa mikono na miguu, matawi anayajua moja moja, na hakuna mwenye saa anayemngoja. Mpira unakuja kwa haraka yake, bila mlio, kutoka mahali asipopajua. Mtu anayepanda mpera hadi juu ana nguvu, ana shabaha ya mikono, na mwili wake unajua kujisawazisha. Hizo ni habari za tathmini kabisa, ziandike. Wanaotoka ofisini na fomu zao husahau kumuuliza anayeishi na mtoto.

Wanyoike naye tumwache apumzike kidogo. Dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000, kisha mita 5,000 na 10,000 huko Athens mwaka 2004: nampa heshima zake zote. Ila yeye alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi, akiwa tayari kijana mkubwa. Utoto wake wote alikimbia akitazama wakimbiaji wengine. Baraka hajawahi kuona vizuri goti la mtu likipanda. Mmoja alihitaji mwongozaji na kamba ya kushikana mkononi, mwingine anahitaji kwanza kuambiwa mbio zinafananaje.

Sasa tuje kwenye kupima. Kuna kipimo kinachotumika sana duniani kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, kilichotungwa na Dale Ulrich wa Marekani. Wanaokijua hukiita TGMD. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1985, na la tatu lina stadi 13: sita za kusogea na saba za mpira. Ninachokipendea ni kwamba hakijali mtoto amefika mbali kiasi gani wala ametumia sekunde ngapi. Kinauliza amefanyaje. Tuchukue kukimbia. Kuna vigezo vinne: mikono iende kinyume na miguu huku viwiko vimekunjwa, kuwe na kitambo kidogo ambapo miguu yote miwili iko hewani, nyayo zitue kwenye mstari mwembamba, kwa kisigino au kwa vidole na si bapa, na mguu usiokanyaga ukunjwe nyuma karibu pembe mraba. Kigezo kikionekana ni 1, kisipoonekana ni 0. Majaribio mawili, unajumlisha.

Mkumbuke sasa Baraka wako akivuka ule mto. Kigezo cha pili na cha tatu lazima avikose, maana hakuna mtu anayejirusha hewani juu ya ardhi asiyoiamini. Na uwanja wenyewe, kama naijua Kisumu, ni ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Anayeona huziruka huku akipiga hadithi. Baraka anatua kwa unyayo mzima, miguu imepanuka, hatua fupi, kifua kimerudi nyuma kidogo. Ukimtazama haraka utasema ana kasoro. Mtazame polepole utaona miguu inasoma ardhi. Mwendo huo nimeuona kwa watoto wengi wa aina yake, na nimeona hatua zikirefuka mara mtoto anapopewa fimbo nyeupe au mkono wa mtu anayemwamini.

Kwa sababu hiyo nakushauri usimpe alama moja. Mpe mbili. Kwanza akimbie peke yake, kama ulivyofanya, ila awe ameelezwa vizuri na amekaguliwa njia: mtembeze kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, arudi mwenyewe. Kisha apumzike, akimbie mara ya pili akiwa na msaada. Funga kamba ya katani kati ya milingoti miwili, kama mita 20, kwenye kimo cha kiuno chake. Pitisha kamba ndani ya kipande cha bomba la mpira, ashike bomba hilo ili viganja visiungue, na mita mbili au tatu kabla ya mwisho funga kitambaa kinachomwambia apunguze mwendo. Kamba ikikosekana, mwenzake afunge njuga miguuni, zile gara za wacheza ngoma wa huko kwenu, atangulie hatua tatu na Baraka aufuate mlio. (Utalazimika kuchagua nani avae gara. Wote 60 watataka.)

Vigezo ni vilevile vinne. Ikiwa safari ya pili miguu imeanza kuondoka ardhini na viwiko vimekunjika, umejua kwamba mwili wake unaweza kukimbia, na kilichopungua ni kuiamini njia. Ikiwa mikono bado inaning'inia kama ya mtu aliyelowa mvua, basi kuna jambo la kufundisha, na unalijua kwa jina. Pengo kati ya alama hizo mbili lina habari nyingi kuliko alama yoyote kati yao. Fanya hivyohivyo kwa stadi zote sita na utakuwa na ripoti ambayo hata mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini ataipokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la upendeleo. Unabadilisha namna ya kueleza, unabadilisha vifaa na mahali. Kigezo hukigusi. Watafiti waliojaribu kipimo hiki kwa watoto wasioona vizuri, wakiwemo wale wa Groningen, Uholanzi, walipita njia hiyo. Jambo moja tu usichukue kutoka kwenye kitabu chake, nalo ni yale majedwali ya kulinganisha umri. Yalitengenezwa kwa watoto wa Marekani. Ukianza kuandika kwamba Baraka "ana mwili wa mtoto wa miaka minne" utakuwa umerudi kulekule kwa filimbi.

Namna ya kueleza ndiyo sehemu walimu tunayoidharau, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Fanya "hivi", nenda "pale", nyanyua "huku": maneno hayo yote hayana kitu ndani kwa asiyekuona. Jaribu kusema: "Simama kwa mguu wa kulia. Wa kushoto ukunje, unyayo uwe nyuma yako. Ruka mara nne, na kila mara utue kwa mguu uleule wa kulia." Ukimaliza, mwambie akueleze yeye atakachofanya. Akikueleza sawasawa halafu akashindwa, hiyo sasa ni sifuri halali. Asipoweza kukueleza, tatizo bado liko kwako.

Maneno yakiwa hayatoshi, tumia mikono. Lauren Lieberman, aliyeanzisha kambi ya michezo ya watoto wasioona huko Brockport, jimbo la New York, mwaka 1996, amefundisha walimu wengi njia mbili. Ya kwanza, mtoto anakushika wewe au mwenzake: anaweka kiganja kwenye goti lako ukilikunja, kwenye bega lako ukirusha, anaupata mwendo kwa vidole. Ya pili, wewe unaushika mkono wake na kuupitisha kwenye mwendo. Mimi huanza na ile ya kwanza kila mara, kwa sababu hapo mtoto ndiye anayetafuta. Vyovyote iwavyo, omba ruhusa kabla ya kumgusa, mwambie utashika wapi, na kama ni msichana mkubwa mtafute msichana mwenzake aonyeshe. Mazoezi ya kuelewa usiyahesabu kwenye alama, hata yakiwa kumi.

Mpira uliotumia sijui ni wa rangi gani, lakini shule nyingi zina ule uliochakaa ukawa rangi ya vumbi, juu ya uwanja wa vumbi. Hata mimi nisingeudaka. Tafuta wa manjano au wa chungwa, mkubwa na laini kidogo, halafu uupe sauti. Zamani tuliufunga kwenye mfuko wa plastiki ukawa unachakarika vizuri sana. Mifuko ilipopigwa marufuku Agosti 2017 tukahamia kwenye pakiti tupu za krisipi zilizoshonwa pamoja. Kwa kudaka, anza na mpira unaobiringishwa chini akiwa ameketi miguu imepanuliwa, kisha unaodunda mara moja kabla ya kumfikia, maana mdundo humpa taarifa, na mwisho ndiyo wa hewani, kwa jina lake na hesabu: "Baraka, moja, mbili, huo!" Kupiga teke, mwache aweke mguu juu ya mpira kwanza, arudi nyuma hatua mbili anazozihesabu mwenyewe. Pima asubuhi, kama saa mbili, jua likiwa mgongoni kwake. Macho yaliyopasuliwa mtoto wa jicho mara nyingi huteswa na mwanga mkali, na saa sita ya Kisumu hata wewe unakunja uso.

Ukitaka kujua kuhusu kusimama kwa mguu mmoja, usimpime Baraka kwanza, jipime wewe. Simama kwa mguu mmoja, tulia. Sasa fumba macho. Umeyumba? Mwili hujisawazisha kwa masikio ya ndani, kwa misuli na viungo vinavyojihisi, na kwa macho, na macho hubeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani. Anayeona kidogo anafanya kazi hiyo bila sehemu ya timu. Akiyumba kidogo asianguke, anafanya vizuri.

Kuna kitu hujakitaja, nacho kimenisumbua barua nzima. Miwani iko wapi? Mtoto anapopasuliwa mtoto wa jicho, lenzi ya jicho lake yenyewe huondolewa. Hata akiwekewa ya bandia, mara nyingi bado huhitaji miwani. Asipowekewa, bila miwani nzito haoni kitu cha maana. Inawezekana alipewa, ikavunjika. Inawezekana pia iko kabatini kwa dani, imefungwa kwenye kitambaa safi, isivunjwe na mpira siku ya michezo. Nimekutana na kabati kama hizo zaidi ya mara moja. Muulize kwa upole, maana aliyeificha aliificha kwa kuithamini. Macho kama hayo pia yanaweza kupata ugonjwa wa presha ya jicho miaka mingi baada ya upasuaji, kwa hiyo lazima yakaguliwe mara kwa mara. Kama amekaa muda mrefu bila kwenda, hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga si safari ya siku mbili. Na kabla hujamfundisha kupindua kichwa chini miguu juu au mchezo wowote wenye kugongwa kichwa, daktari wa macho aseme kwanza. Hilo halina mjadala.

Swali lako la mwisho: akibaki chini? Basi atakuwa chini kwenye vitu unavyovijua, na utafundisha hivyo. Chagua viwili tu kwa muhula. Ningekuwa wewe ningeanza na kukimbia kwa kamba na kurusha. Kurusha kuna faida moja: mpira unatoka kwake, hana haja ya kuusubiri. Apige bati la jikoni lililoning'inizwa mtini. Likilia amejua amelenga, bila mtu kumwambia. Dakika kumi kila siku zinamfaa kuliko saa nzima ya Ijumaa. Nyumbani dani ana mpera, ana jerikeni, na hapo huna cha kuongeza zaidi ya kumwambia asikubali mtu amkataze mtoto kuupanda.

Habari ya Kibos ni tofauti na habari hii, usizichanganye. Huenda ikamfaa, huenda akafaa zaidi kubaki na wewe akiwa na mwalimu wa kumfuatilia. Uamuzi huo hutolewa baada ya tathmini ya EARC, yaani kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, wakitazama anavyoona, anavyosoma na anavyotembea, dani akiwa ameketi hapo akisikilizwa. Ripoti yako ya alama mbilimbili itawasaidia. Ila mtoto asihamishwe shule kwa sababu alishindwa kudaka mpira wa rangi ya vumbi.

Na wale waliocheka. Usiwahubirie. Siku moja weka kando mazoezi yote, wachezeshe goliboli. Mchezo huo ulibuniwa mwaka 1946 kwa askari waliopofuka vitani, na tangu 1976 ni mchezo wa Paralimpiki. Watatu kwa watatu, mpira wenye kengele unabiringishwa chini kwa nguvu, mnajilaza kuuzuia, na kila mchezaji hufungwa macho, anayeona na asiyeona. Watazamaji hunyamaza kimya ili mlio usikike. Ule wa mashindano una uzito wa kilo 1.25, kwa hiyo watoto wa Gredi ya Pili watumie mwepesi, na wabiringishe polepole. Baraka mfunge leso kama wengine. Kisha sogea pembeni utazame nani anajua mpira uko wapi.

Ripoti ile ya zamani usiichane. Andika nyingine, uitie tarehe mpya, na kwenye maoni useme ulichokiona: kwamba ya kwanza ilipimwa kwa kuonyesha kwa macho tu, kwamba akiwa na kamba anakimbia hivi, bila kamba hivi, na kwamba muhula huu anafundishwa hili na lile. Msomee dani mwenyewe, kwa sauti, usimwachie kijana wa boda. Na umwite aje uwanjani siku ya kupima. Sauti yake ikiwa mwisho wa ile kamba, utaona mtoto anavyokimbia.

Kuhusu kuutia mpira sauti kwa ndani: fundi viatu ataupasua kidogo, atie kokwa na kuushona. Tia mahindi makavu. Nilijaribu maharagwe, mvua ikanyesha wiki nzima, yakaota.

Wako,
Mwalimu Mstaafu